Kidau cha Tanga kwa Maji ya Upareni: Kuchagua na Kuunda Chombo Kidogo cha Mashindano Kinachoongozwa kwa Redio

Watoto wa pwani ya Afrika Mashariki wamezoea tangu zamani kuchonga vidau vidogo vya tanga na kuvishindanisha ufukoni. Kipande cha mti mwepesi, ufito wa kuwa mlingoti na kitambaa kilichochakaa hutosha, na mtoto huikimbilia kazi yake majini mpaka maji yamfike kiunoni. Wilaya ya Same haina ufuko. Lakini ina upepo wa kutosha, tena ina maji ya namna yake: mabwawa ya nyanda za chini kama Kalimawe, na huko juu milimani zile ndiva ambazo Wapare wamezichimba na kuzitunza kwa vizazi vingi ili kumwagilia mashamba yao. Bwawa kubwa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 katika bonde la mto Pangani, nalo haliko mbali.

Mwalimu wa fizikia anayetafuta kitu kimoja cha kuwafundishia wanafunzi momenti za kani, kanuni ya Archimedes, mwendo wa mawimbi na kazi ya redio hatapata kwa urahisi kinachokishinda chombo cha tanga chenye urefu wa mkono mmoja. Kinaundika kwa vifaa vya karibu, isipokuwa redio yenyewe, nacho kina mvuto ambao jaribio la bembea na vijiwe vya mizani halina, maana kinashindana na kingine. Shida ni kuchagua. Mwenye kufungua kitabu cha ng'ambo atakuta michoro mizuri iliyokusudiwa maziwa ya kina kirefu na pepo za wastani, na akiifuata neno kwa neno atapata chombo kisichofaa mahali alipo.

Kupunguza urefu si kupunguza kila kitu

Kosa la kwanza la mwundaji mgeni ni kudhani kwamba chombo kidogo ni chombo kikubwa kilichosinyaa. Chukua mfano wa dau lenye urefu wa mita 6, ambalo mwanafunzi anataka kuliunda kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani sentimita 60. Urefu umepungua mara 10. Eneo la tanga, kwa kuwa ni urefu mara upana, limepungua mara 100. Uzito unafuata ujazo, kwa hiyo umepungua mara 1,000.

Sasa ziangaliwe momenti mbili zinazogombana. Ya kwanza ni ile inayokiinamisha chombo: kani ya upepo juu ya tanga, mara kimo cha tanga. Kani imepungua mara 100 na kimo mara 10, hivyo momenti imepungua mara 1,000. Ya pili ni ile inayokiinua chombo kisimame tena: uzito mara umbali wa wenzo wake. Uzito umepungua mara 1,000 na wenzo mara 10, hivyo momenti hii imepungua mara 10,000. Kwa maneno mengine, katika upepo ule ule kidau kina udhaifu mara kumi kuliko dau lililokizaa. Upepo wa mita 6 kwa sekunde ambao baharia wa Bagamoyo anaufurahia utakipindua kidau chake cha mfano bila kusita. Ili kiiname kwa pembe ile ile, upepo hauna budi kupungua kwa kipeuo cha pili cha kumi, yaani kufikia mita 1.9 kwa sekunde tu.

Zaidi ya hayo, dau kubwa lina watu. Upepo ukizidi, mabaharia huhamia upande unakotoka upepo, na katika ngalawa za mashindano huenda hata wakaning'inia nje. Kidau hakina mtu wa kuning'inia. Kwa sababu hizo mbili waundaji wa vidau vya mashindano duniani wameacha kabisa umbo la chombo cha kawaida: huteremsha uzito mkubwa chini sana, kwenye ncha ya bapa refu linalosimama chini ya chombo. Katika daraja la kimataifa la mita moja, ambalo kanuni zake zilianza mwaka 1988, chombo chote kina uzito usiopungua kilo 4, na bapa pamoja na farumi yake huchukua kati ya kilo 2.2 na 2.5. Zaidi ya nusu ya chombo iko chini ya maji! Kina chake huweza kufika sentimita 42. Daraja jingine, lenye wafuasi wengi Amerika ya Kusini, ni lile la sentimita 65, ambalo huruhusu tanga lenye eneo lisilozidi mita za mraba 0.225, nacho chombo kwa kawaida huwa na uzito wa karibu kilo moja.

Kwa shule, hilo la pili ndilo la kufikiriwa. Chombo cha mita moja ni kizuri zaidi kukitazama na hukimbia zaidi, lakini hakiingii katika basi la kwenda Same mjini bila ugomvi na kondakta, na gharama yake hupanda haraka kuliko urefu wake.

Mwendo nao una mpaka. Chombo kinachosukuma maji hutengeneza wimbi lenye urefu sawa na urefu wake, kisha hushindwa kulipanda. Mwingereza William Froude, aliyejenga birika la majaribio huko Torquay mwaka 1872, ndiye aliyeonyesha jinsi ya kutoa matokeo ya chombo kidogo na kuyahamishia kwenye kikubwa. Mwendo wa wimbi hilo katika mita kwa sekunde ni karibu 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu wa chombo katika mita. Kwa sentimita 65 jibu ni mita 1 kwa sekunde. Kwa dau la mita 6 ni zaidi kidogo ya mita 3. Mtu anayetembea polepole ukingoni hukiacha kidau nyuma. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa mwongozaji hupata nafasi ya kufikiri.

Upepo wa Same na maji ya ndiva

Mji wa Same uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 800, chini ya Milima ya Pare ya Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena kinapita mita 2,400. Kaskazini yake iko Pare ya Kaskazini, na kati ya safu hizo mbili upo mwanya. Upepo wa kusi unaotoka baharini huzuiwa na milima na hulazimika kupita katika mianya. Hewa inayobanwa njia huongeza mwendo, kama maji ya mpira wa bustani mtu anapoubana kwa kidole. Tena mbuga kavu hupata joto kali mchana, hewa yake hupaa, na upepo huongezeka alasiri. Ndiyo maana Mgagao, katika wilaya ya jirani ya Mwanga, pamekuwa miongoni mwa mahali palipopimwa upepo kwa ajili ya uwezekano wa kuzalisha umeme.

Hata hivyo mwundaji asitishwe na tarakimu za kituo cha hali ya hewa. Vipimo hivyo huchukuliwa mita 10 juu ya ardhi. Karibu na uso wa maji upepo husuguana na kupungua, na kwenye kimo cha nusu mita, mahali tanga la kidau linaposhika, hubaki karibu theluthi mbili tu. Upepo ulioandikwa kuwa mita 8 kwa sekunde ni kama mita 5 hivi kwa kidau.

Maji ni jambo gumu zaidi. Ndiva ni bwawa dogo la udongo au mawe lililojengwa kwenye mteremko, ambalo hupokea maji ya mfereji usiku, kisha hufunguliwa mchana ili wakulima wamwagilie kwa zamu. Katika bonde la Makanya, kwa mfano, ndiva ya Manoo na nyinginezo zimechunguzwa na watafiti wa maji kwa sababu ya ustadi wa mpangilio huo. Mwenye kuleta kidau akumbuke maana yake kwa upande wa chombo: asubuhi ndiva imejaa, na upepo bado umelala, alasiri upepo umeamka, na maji yamekwenda mashambani. Chombo kinachohitaji kina cha sentimita 35 huelea vizuri wakati hakuna cha kukisukuma, na hukwama matopeni saa upepo unapokuwa mzuri. Kitabu cha ng'ambo hakisemi neno juu ya hilo.

Basi pana vyombo viwili vya kuundwa, wala si kimoja.

Chombo cha bwawa

Kwa bwawa kubwa, chombo chenye bapa na farumi ndicho chenye kufaa. Bajeti ya uzito ipangwe kabla ya msumeno kugusa mti. Mfano ulio sawa ni huu: jahazi lenyewe gramu 180, redio na betri gramu 170, mlingoti na matanga gramu 90, bapa na usukani gramu 60, farumi gramu 600. Jumla ni gramu 1,100. Kwa kanuni ya Archimedes chombo kitahamisha sentimita za ujazo 1,100 za maji, na mwanafunzi anaweza kuhakikisha kwa hesabu kwamba jahazi lenye urefu wa sentimita 63 majini, upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 4.4 litatosha, ikikubaliwa kwamba umbo lake lililochongoka hujaza sehemu 4 kwa 10 tu za sanduku lenye vipimo hivyo.

Sasa farumi. Vitabu vyote husema risasi, na mwanafunzi mwerevu atajua mara moja inakopatikana: katika betri kuukuu za magari. Hapo mwalimu hana budi kusimama imara. Kuyeyusha risasi kwenye jiko la mkaa ni hatari kubwa. Moshi na vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono isiyonawiwa, hukaa katika mifupa, na huharibu ubongo wa mtoto kwa namna isiyorekebishika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Vumbi likianguka kwenye udongo wa uwanja wa shule hubaki hapo miaka mingi baada ya klabu ya sayansi kusahauliwa. Na ndiva ni maji ya mashamba, mara nyingi na ya nyumbani pia.

Lakini je, pasipo risasi chombo kitashindwa? Hapa ndipo hesabu inapostahili kufanywa badala ya kuamini. Kitu kilichozama hupoteza uzito sawa na maji kinachoyahamisha. Gramu 600 za risasi, yenye msongamano wa 11.3, zina ujazo wa sentimita 53. Hivyo ndani ya maji hubaki na uzito kama wa gramu 547. Gramu 600 za chuma, chenye msongamano wa 7.8, zina ujazo wa sentimita 77, na ndani ya maji hubaki gramu 523. Tofauti ni chini ya sehemu 5 kwa 100. Chuma ni kinene zaidi, kwa hiyo kitasuguana na maji zaidi kidogo, lakini kwa uwezo wa kusimamisha chombo hakina upungufu wa kuhesabika. Zege, kwa upande mwingine, yenye msongamano wa 2.4, hubaki gramu 350 tu na huwa na ukubwa wa chupa, hiyo isitumiwe.

Na chuma hicho hakihitaji kuyeyushwa. Nondo ya ujenzi yenye kipenyo cha milimita 20 ina uzito wa karibu kilo 2.47 kwa mita. Kipande cha sentimita 24 kina gramu 600 hivi. Kikatwe, kisuguliwe kwa tupa mpaka ncha ya mbele iwe ya mviringo na ya nyuma iwe nyembamba, kipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha kifungwe chini ya bapa la bati nene la alumini kwa skrubu mbili. Fundi yeyote anayejenga nyumba hapo Same ana mabaki ya nondo.

Je, farumi hiyo inabeba tanga kiasi gani? Shinikizo la upepo ni nusu ya msongamano wa hewa mara mraba wa mwendo wake. Kwa kimo cha Same na mabwawa yake msongamano wa hewa ni karibu kilo 1.1 kwa mita ya ujazo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde hutoa shinikizo la nyutoni 8.8 kwa mita ya mraba, na tanga zima la mita za mraba 0.225 hupata kani ya karibu nyutoni 2. Ikiwa kitovu cha kani hiyo kiko sentimita 55 juu ya kitovu cha ukinzani wa maji, momenti ya kuinamisha ni nyutoni-mita 1.1. Farumi iliyo sentimita 30 chini ya kitovu cha eleo hutoa, chombo kikiinama nyuzi 30, nyutoni-mita 0.77. Na kwa pembe hiyo tanga nalo limelala, limepoteza robo ya nguvu yake, na limebaki na momenti ya 0.82 hivi. Chombo kitatulia kwenye nyuzi 31, ambayo ndiyo pembe ya kukimbilia; ukivuka hapo usukani hauna tena la kushika.

Kwa upepo wa mita 6 kwa sekunde shinikizo huongezeka mara 2.25, na kwa mita 8 mara 4, maana mwendo umepandishwa mraba. Hapo lazima tanga lipunguzwe. Ikiwa tanga jipya ni fupi na kitovu chake kimeshuka hadi sentimita 40, chombo kitabeba mita za mraba 0.137 kwa upepo wa mita 6; na kikishuka hadi sentimita 35, mita za mraba 0.088 kwa upepo wa mita 8. Kwa hiyo anayeunda kwa ajili ya alasiri za Same aanze na tanga dogo. Lile kubwa, ambalo kila kitabu hulichora kwanza, lishonwe mwisho kabisa fedha zikibaki.

Mti wa kuundia

Jahazi huweza kuundwa kwa mbao nyembamba juu ya mbavu, kwa kitambaa na gundi ya plastiki, au kwa kuchonga. Kuna mti mmoja ambao Same inao kwa wingi na ambao hauthaminiwi. Mkonge, unaolimwa Makanya na kwingineko katika nyanda hizo, hutoa katika mwisho wa maisha yake nguzo ndefu ya maua. Nguzo hiyo ikikauka ina ganda gumu na moyo mwepesi kama sponji. Wajenzi wa ng'ambo hununua mti wa balsa kwa bei kubwa kupata sifa hizo hizo.

Zichaguliwe nguzo mbili zilizokauka zikiwa zimesimama, zisizo na tundu za wadudu. Zipasuliwe kwa urefu, ziunganishwe kwa gundi ya mbao, na zichongwe kwa kisu na msasa kufuata kiolezo cha karatasi ngumu. Kisha ndani ikombwe mpaka unene ubaki milimita 6 hivi. Moyo wa mkonge hunywa maji kwa pupa, na hilo ndilo ila yake. Hivyo jahazi lipakwe vanishi ndani na nje mara tatu au nne, huku likipigwa msasa mwembamba kila baada ya koti. Sitaha iwe ya ubao mwembamba, yenye tundu moja la kufikia redio, nalo lifunikwe kwa mkanda wa kubandika siku ya mashindano.

Matanga yashonwe kwa nailoni ya mwavuli mbovu. Ni nyepesi, haipitishi maji, na imekatwa tayari katika pembe tatu. Mlingoti uwe ufito wa mwanzi ulionyooka au bomba jembamba la alumini. Mguu wa mlingoti usigandishwe mahali pamoja: yatobolewe matundu matano, kila moja sentimita moja mbele ya jingine. Sababu yake ni kwamba kitovu cha tanga na kitovu cha bapa havina budi kuelewana. Tanga likiwa nyuma mno, chombo huelekeza omo kwenye upepo na kusimama. Likiwa mbele mno, hukimbia upepo na hakibishi kamwe. Mlingoti usogezwe mpaka chombo, usukani ukiwa katikati, kiwe na tabia ndogo tu ya kuelekea upepo. Tabia hiyo ni kinga: redio ikikata mawasiliano, chombo hugeuka chenyewe na kungoja, badala ya kwenda ng'ambo ya Nyumba ya Mungu ambako hakuna wa kukifuata. Mabwawa ya Pangani yana mamba.

Chombo cha ndiva

Kwa maji ya kina kidogo hekima ya kale ya pwani ina nafasi. Ngalawa haina farumi. Husimamishwa na mirengu yake miwili, yaani miti ya pembeni inayogusa maji: ngalawa ikiinama, mrengu wa upande wa chini huzama, na kani ya eleo huurudisha juu. Ili kukabili momenti ya nyutoni-mita 1.1 kwa mrengu ulio sentimita 30 kutoka katikati, kani inayotakiwa ni nyutoni 3.7, nayo hutolewa na kitu chenye ujazo wa sentimita 370. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina ziada ya kutosha. Kwa hiyo ngalawa ya shule ni gogo moja la mkonge, fito mbili za mianzi za kuvuka, chupa mbili zilizofungwa vizuri vizibo, na ubao mdogo wa kuteremshwa katikati ili chombo kisisukumwe upande. Uzito wake wote huweza kuwa gramu 600, na kina chake, ubao ukiwa chini, sentimita 12.

Usawa wake ni wa namna nyingine kabisa, na mwalimu asiache kuonyesha tofauti hii ubaoni. Momenti ya farumi huanza kwa sifuri na kukua kadiri chombo kinavyoinama, mpaka kinapolala nyuzi 90. Ndipo iko na nguvu zake zote, na chombo huinuka chenyewe. Momenti ya mrengu hufika kilele chake mapema, chupa inapozama yote, kisha hupungua. Ngalawa ni ngumu kuinamisha na ni rahisi kupinduka. Ikishapinduka hukaa hivyo hivyo. Kwa hiyo tanga lake lisizidi mita za mraba 0.12, na kwenye ncha ya mlingoti kifungwe kipande cha ndala kuukuu chenye ukubwa wa kiganja. Kipande hicho huelea, na huzuia mlingoti usielekee chini. Chombo hubaki kimelala ubavu, na upepo hukisukuma taratibu hadi ukingo wa pili.

Kwenye ukingo huo kingojewe. Mwanafunzi asiingie majini kukifuata. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono ndiyo makao ya kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi kwa muda wa dakika chache. Fimbo ndefu yenye ndoano, au kamba nyembamba yenye kipira cha kurusha, iwe sehemu ya vifaa vya klabu kama ilivyo redio. Na kabla ya yote, wazee na kamati wanaosimamia ndiva waombwe ruhusa, na zamu za maji zifahamike. Hakuna mkulima atakayevumilia lango kufungwa kwa ajili ya mchezo.

Redio

Mtambo wa njia mbili watosha: njia moja kwa usukani na moja kwa demani, yaani kamba ya kuvutia tanga. Mitambo ya siku hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yenye mawimbi ya sentimita 12.5. Mawimbi mafupi namna hiyo hunyonywa sana na maji, kwa hiyo kipokezi na waya wake viwekwe juu ya mstari wa maji, chini tu ya sitaha. Mwundaji anayekificha kipokezi chini kabisa ili kushusha uzito hupoteza chombo kinapokuwa mbali.

Kipokezi hutuma kwa injini ndogo ya kugeuzia, iitwayo sevo, mapigo ya umeme karibu 50 kwa kila sekunde. Pigo la milisekunde 1 humaanisha geuka mwisho wa upande mmoja, la milisekunde 2 mwisho wa upande wa pili, la 1.5 kaa katikati. Ndani ya sevo kipo kizuizi cha umeme kinachobadilika kadiri mhimili unavyozunguka. Sakiti hulinganisha pigo lililoamriwa na mahali mhimili ulipo, na kuendesha injini mpaka tofauti iishe. Usukani wahitaji sevo ndogo tu. Demani yahitaji kubwa, maana upepo wa ghafla wa Same huizidisha kani mara nne kwa kufumba na kufumbua. Dukani sevo hupimwa kwa kilo za kuvuta kwenye wenzo wa sentimita moja. Kwa demani isipungue 3. Betri nne ndogo za kuchaji huendesha vyote.

Mashindano

Njia ya mashindano ipangwe ili chombo kilazimike kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku, kwani kukimbia na upepo hata kopo hukimbia. Boya mbili zatosha: moja juu ya upepo, moja chini, zikiachana mita 30. Chombo kinachobisha kwa nyuzi 45 husafiri si mita 30 bali 42, na kwa mwendo wa mita 0.6 kwa sekunde huchukua sekunde 71. Kanuni ya kwanza ya njia ni ile ya mashindano yote ya matanga duniani: vyombo viwili vikikutana, kinachopokea upepo kwa ubavu wa kulia kina haki, na kingine kimpishe. Vya bapa na vya mirengu visichanganywe katika mbio moja.

Kazi kwa wanafunzi

Tafuta msongamano wa moyo wa mkonge kwa kupima kipande chake kwenye mizani na kwenye silinda ya maji, kwanza kikiwa kikavu na kimepakwa vanishi, kisha baada ya kulala ndani ya maji usiku mmoja bila vanishi. Chora grafu ya momenti ya kusimamisha dhidi ya pembe, kutoka sifuri hadi nyuzi 90, kwa chombo cha farumi na kwa ngalawa ya chupa, na uonyeshe pembe ambapo mistari hiyo miwili inakatana. Kwa juma moja simika fimbo yenye alama za sentimita katika ndiva iliyo karibu na shule, na uandike kina cha maji kila saa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Sambamba nacho andika nguvu ya upepo kwa kutumia kitambaa kilichofungwa kwenye mti. Kwa kuzitazama grafu hizo mbili pamoja, ni saa ngapi chombo cha kina cha sentimita 35 kinaweza kushindana hapo, na ni saa ngapi ngalawa ya sentimita 12?